Mwiko Alioutunga Mama Mkubwa Zena

Chisomo mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda sokoni kutafuta godoro la kupeleka Matombo, na ninavyomjua baba yako, atavutana bei mpaka mwenye duka aombe poo. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefunika cherehani, nimekaa kibarazani upande wa kivuli, na nimeamua kukuandikia kwa sababu kila nikitaja jina la dada yangu Zena sauti inanipanda, na wewe huwa unaniambia, "Mama, majirani." Humu naweza kufoka mpaka nichoke na mama Rehema wa nyumba ya pili asijue kitu.

Sitaandika habari za kuchemsha maji wala za kufunika chakula panya wasile. Wewe ni muuguzi, mambo hayo unayajua kunizidi, na usiyoyajua watu wa Matombo watakufundisha bila kuombwa. Nataka nikwambie habari za mgonjwa unayekwenda kumtunza. Wewe unamjua kama mama mkubwa aliyepooza upande wa kulia, ambaye binti zake, mmoja Dar na mwingine Mwanza, wanatuma salamu na hawaji. Ulipopangiwa zahanati ya kule ukasema hutapanga chumba, utakaa kwake, umuogeshe asubuhi kabla ya kazi na umlishe jioni ukirudi. Uliponiambia hayo niliondoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Ulidhani nimeguswa na huruma yako. Nilikuwa na hasira.

Na jambo jingine ulijue. Siku tuliyopigiwa simu kwamba Zena ameanguka, nilipika pilau. Baba yako aliuliza kuna nini leo, nikasema nimeitamani tu. Sikuitamani. Nilikuwa nasherehekea. Nilitia mpaka zabibu kavu, na wewe ukala sahani mbili ukasifu, hujui unakula nini.

Sasa uniache nikueleze kwa nini mtu mzima, anayeswali, anaweza kupikia pilau ugonjwa wa dada yake wa tumbo moja.

Unajua kwamba sisi Waluguru ardhi inapita kwa wanawake. Ulisomeshwa hilo shuleni kama habari za watu wengine, lakini ilikuwa habari yako. Mama yetu alizaa binti wawili, Zena na mimi, na ule mteremko wa juu ya kijito kule Matombo, wenye mikarafuu na midalasini na migomba, ukagawanywa kati yetu. Zena alizaa binti wawili. Mimi nilikaa na baba yako miaka na miaka bila kitu. Basi ikawa inaeleweka, bila mtu kusema, kwamba upande wangu utakuja kuwa wa binti za Zena. Zena mwenyewe alishaanza kuipogoa mikarafuu yangu kwa namna anayoitaka. Nilikuwa nikienda likizo nakuta matawi yamekatwa, nauliza, ananijibu, "Nakusaidia tu, Tatu, wewe uko mbali."

Ni kweli tulikuwa mbali. Baba yako alikuwa fundi kwenye gereji moja Lilongwe, anatengeneza malori yanayotoka Dar, na mimi nilikuwa nashona kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga. Huko ndiko tulikokupata. Ustawi wa jamii wa kule walikuleta ukae nasi kwanza, wawe wanakuja kutuangalia, kisha mahakama iamue kama utakuwa wetu moja kwa moja. Kwa hiyo katika siku zile za mwanzo hukuwa wangu bado. Ningeweza kukupoteza kwa neno moja la dada mmoja wa ofisi yao, aliyekuwa anakusimamia.

Walikuleta asubuhi. Ulikuwa na miaka minne na gauni la mtoto mwingine lililokufika vifundoni. Yule dada alikushusha, akaongea na baba yako, akaondoka, na wewe ukaenda kukaa kizingitini ukiangalia barabara aliyopita. Nikikusogelea unasema, "Sindikufuna." Kichewa changu kilikuwa cha sokoni lakini hilo nililielewa. Sitaki. Hukulia. Kama ungelia ningejua la kufanya. Ulikuwa ukisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekataa nyanya zilizobonyea.

Kwa baba yako ulikwenda kesho yake tu. Alirudi gereji ananuka grisi, akakaa chini karibu na mlango, akaanza kumenya karanga bila hata kukutazama. Ukasogea. Ukala karanga. Ukamwegemea. Na mimi niliyekuwa jikoni tangu alfajiri nimesimama na mwiko mkononi naangalia, naona wivu kama mtu aliyeletewa mke mwenza.

Ulikuwa unaniita "anti", jina mlilokuwa mnawaita walezi wote wa kituo cha watoto ulikotoka. Chakula changu ulikuwa unakula nikigeuka, na kingine unakificha. Nilikuwa nakuta mabonge ya sima ndani ya foronya, yamekauka. Nikitaka kukuogesha unajikunja. Siku moja nilikushika kwa nguvu nikuvue lile gauni maana lilikuwa limeanza kunuka, ukaning'ata. Hili kovu kwenye kiganja ambalo siku zote nimesema ni la pasi, ni meno yako. Pasi haijawahi kuniunguza, mimi ni fundi.

Nikampigia simu Zena. Mama yetu alikuwa ameshafariki, na huyu ndiye dada yangu, amezaa, amelea. Ningemuuliza nani mwingine? Nakumbuka maneno yale yote, kwa sababu nimeyarudia kichwani kila mwaka tangu siku hiyo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Huyo mtoto wenu mzima?"

"Mzima, ila hanitaki kabisa. Nimefikiria leo nimfunge mgongoni niwe nashona naye. Hapa watoto wote wanabebwa, hata wakubwa. Pengine atatulia."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Tatu, usithubutu," akasema. "Huyo ni wa damu ya mbali. Mpaka aletwe huku, wazee wamfanyie tambiko na kumtaja kwa mababu, mgongo wako hauruhusiwi kumbeba. Ukimbeba kabla ya hapo anakufa. Au unakufa wewe."

"Mbona mama hakuniambia?"

"Mama angekuambia ya nini? Hayo wanaambiwa waliozaa."

Hapo ndipo aliponimaliza. Ningeweza kumuuliza mtu mwingine, ningeweza kumpigia mjomba, lakini nilivyoumia na hayo maneno ya mwisho nilikata simu nikakaa kimya. Ningemuuliza nani jambo ambalo kulijua kwenyewe kunahitaji uwe umezaa? Alijua pa kunipiga.

Basi sikukubeba. Ulikuwa mtoto uliyetolewa ulikozoea, ukaletwa kwa mwanamke ambaye anakupikia, anakufulia, anakulaza, na hata siku moja hakuinui kutoka chini. Ukianguka uani nilikuwa nakushika mkono nikusimamishe. Ukichoka njiani tunasimama wote mpaka upumzike. Watu wa mtaani walikuwa wanatuangalia. Kule, kama ulivyosikia kwa baba yako, mwanamke anakwenda sokoni na mtoto mgongoni, ndoo kichwani, na bado anabishana bei. Mimi nilikuwa nakukokota kama mbuzi wa Idi.

Nikwambie na upande wangu, maana sitaki nimtwike Zena hata mzigo usio wake. Ule mwiko ulinifaa kidogo. Nilikuwa nakuogopa. Ulikuwa umenikataa mbele ya mume wangu na mbele ya majirani, na sasa nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kutokukushika, sababu yenye wazee na mababu ndani yake. Nilikuwa najiambia nakulinda. Siku nyingine ilikuwa kweli, na siku nyingine nilikuwa nanuna tu, mtu mzima nanuna na mtoto wa miaka minne.

Jirani yetu aliitwa Mayi Banda, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu. Asubuhi moja ulikuwa umekaa kizingitini pako, mimi nakata kitambaa. Akaingia bila hodi, akakunyanyua, akanijia nilipo. "Weramani," akaniambia. Inama. Nikamwambia siwezi, kwetu ni mwiko. Hakunisikia au hakutaka. Alinisukuma shingo kwa mkono mmoja, akakuweka mgongoni kwangu, akakufunga na kitenge chake mwenyewe, akakaza fundo kifuani kwangu kama anafunga gunia la mkaa. Kisha akaenda zake.

Nilisimama katikati ya chumba na siwezi kusogea. Ulikuwa mgumu, umejikaza wote. Halafu nikahisi joto linashuka kiunoni. Ulikuwa umenikojolea. Wala sikukushusha. Baada ya hapo nikahisi shavu lako linalala kati ya mabega yangu, na ukaanza kupumua taratibu, na nikajua umelala. Nililia kimyakimya, nimelowa, nimeshika mkasi.

Siku zile zile ukapata homa. Malaria, mwanangu, malaria ya kawaida, kila nyumba kwenye ile mitaa ilikuwa na mtoto wa malaria. Wewe sasa ungeipima na kuitibu huku unapiga soga. Lakini mimi nilijua ni mgongo wangu. Nikampigia Zena nikilia. Nilimwambia nimembeba, dada, nimembeba na sasa anaungua.

Angeweza kuniambia pale pale. Hapo ndipo ninaporudi siku zote. Ya kwanza sawa, alisema uongo, watu husema uongo. Lakini ile simu ya pili nilikuwa nalia na mtoto anatapika nyuma yangu, na Zena anasikia. Alichosema ni hiki: "Nilikuonya. Mrudishe kabla hajakufia mikononi. Kumrudisha si aibu, Tatu, watu watakuelewa."

Ulipona kwa dawa za hospitali, na mimi nikakushusha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumsamehe na sitarajii. Ulikuwa umeshauonja mgongo wangu. Ulikuwa unakuja, unanishika nguo kwa nyuma, unasema, "Anti, weramani," neno ulilolisikia kwa Mayi Banda, na mimi nakuondoa mikono kidole kimoja kimoja. Baada ya muda ukaacha kuomba. Ukarudi mlangoni.

Yule dada wa ustawi wa jamii alipokuja alikaa na sisi kutwa nzima, akatuangalia. Wakati wa kuondoka akamwambia baba yako, mimi nikiwepo, kwamba baba na mtoto wanaelewana vizuri, ila mama anamuogopa mtoto na mtoto ameshajua. Akasema akirudi akikuta bado hivi, atakutafutia nyumba nyingine.

Baba yako nje ya soko si mtu wa maneno, unamjua. Alipomsindikiza akarudi, akakaa, akavua viatu. Akasema, "Tatu, mimi kila nikipita pale Songwe wananisimamisha wanapekua mpaka boksi la spana. Huu mwiko wa kwenu ulivuka vipi mpaka?"

Nikamwambia, "Usiwafanyie mzaha mababu zangu."

Akasema, "Siwafanyii. Nauliza tu kama wao wanamtaka huyu mtoto afe, au anayemtaka aondoke ni mwingine."

Nilimkasirikia kwa kusema hivyo. Nilimtetea Zena. Niandike hapa uone nilivyokuwa mjinga: nilimwambia dada yangu ananipenda kuliko anavyonipenda yeye.

Lakini asubuhi yake alipoondoka kwenda gereji nilikuangalia pale kizingitini, unachora mchanga kwa kijiti, na nikafikiria mtu mwingine anakuja kukuchukua na lile begi lako dogo. Nikatoa kitenge. Sikuwa nimeacha kuamini, mwanangu. Niliamini kabisa kwamba mmoja wetu atakufa. Nikasema basi, na iwe. Nikaja nikainama mbele yako nikasema, "Njoo." Ulinitazama sana. Hukunikimbilia kama watoto wa kwenye sinema, ulimaliza kwanza mchoro wako. Kisha ukapanda.

Tangu hapo hukushuka. Nilishona sare za shule nzima na wewe mgongoni. Nilipika, nilifagia, nilikwenda mahakamani na wewe mgongoni, na yule dada wa ofisini akacheka akasema sasa huyu mtoto hana miguu. Homa ilirudi mara nyingine na kila mara moyo wangu ulisimama, nikakubeba hivyo hivyo. Neno "mama" lilikuja lenyewe tukiwa foleni ya maji, ukiniambia nimeruka zamu yetu.

Tulirudi Morogoro wewe ukiwa umekaribia kuanza shule. Jambo la kwanza nilitaka kulimaliza ni tambiko. Nilikuwa nimeishi na hofu hiyo muda wote. Nikakuchukua tukaenda Matombo, nikafikia kwa Bibi Mwanaidi, dada wa bibi yangu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu wakati huo. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia nimevunja mwiko, nimebeba mtoto kabla hajatajwa, naomba mnisafishe.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Mwiko gani?"

Nikamweleza.

Akaniuliza tena kwa Kiluguru, polepole, akidhani Kiswahili changu cha mjini kimeharibika. Nikamweleza kwa Kiluguru. Akaweka ungo chini.

"Mjukuu wangu, sisi hatuna mwiko huo. Mtoto akilia anabebwa. Nani aliyekwambia?"

Nikamtaja. Bibi alikuangalia wewe ukifukuza kuku uani, kisha akatazama juu kule mlimani iliko nyumba ya Zena, akachukua ungo wake akaendelea. Baadaye akasema, "Yule anautaka mteremko."

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelichelewesha. Unapenda kuhadithia siku mama alipokubeba kupanda mlima mpaka kwa mama mkubwa. Ulishawahadithia wenzako wa chuo, nikasikia. Unasema ulikuwa mkubwa, miguu yako inaning'inia mpaka magotini kwangu, na watu wanatoka nje kutushangaa, na unasema hakuna siku uliyojua unapendwa kama ile. Kila ukihadithia mimi huwa natafuta kitu cha kufanya jikoni.

Mwanangu, siku ile nilikubeba kwa kisasi. Ulikuwa unaweza kutembea vizuri tu. Nilikwambia panda, nikakufunga na kanga mpya kabisa, nikapita njia ya mbele, ile inayopita mbele ya nyumba zote, badala ya ile ya mkato. Kila aliyetoka nilimwamkia na kumwambia huyu ni binti yangu Chisomo. Pale kwa Zena walikuwa wameanika karafuu kwenye mikeka, yeye amekaa kati anazigeuza. Akainua uso. Nikamwambia, "Shikamoo dada."

Alikuangalia miguu yako. Kisha akasema, "Marahaba. Mteremshe huyo, mtoto mkubwa, atakuvunja kiuno."

Nikasema, "Hateremki."

Nikakaa na wewe mgongoni. Nilikunywa chai na wewe mgongoni. Niliuliza habari za binti zake, za mvua, za bei ya karafuu, moja baada ya nyingine, na yeye anajibu huku mkono unageuza karafuu zile zile. Hatukuutaja mwiko. Hatujawahi kuutaja mpaka leo. Lakini alijua kwamba nimejua, na nikafurahi. Wewe ulikuwa umelala.

Ukiniuliza kama kulikuwa na mapenzi ndani yake, yalikuwepo. Ila mwanzoni mwa njia nilikuwa nambebea Zena. Uzito wako nilikuja kuuhisi wakati wa kushuka, kiuno kinaniuma na hakuna wa kuonyesha. Hapo ndipo nilipokubeba wewe. Ukihadithia tena, hadithia ya kushuka.

Baada ya hapo sikuacha. Kila Idi nilimpelekea nyama, ya mifupa. Akiugua na kuniita nilikuwa naenda wiki inayofuata. Kwa harusi ya binti yake mkubwa, Zena alinipa kitambaa nimshonee gauni lake mwenyewe, nikalibana kwapani makusudi kabisa, kwa hesabu ya kifundi, likavalika lakini mkono haupandi. Siku nzima alishindwa kupunga wala kupiga vigelegele vizuri. Nilikaa meza ya pembeni nikila biriani nikimtazama. Jamani, nilifurahi. Ulipokuwa unanieleza juzi kwamba mkono wake wa kulia haunyanyuki, nilikumbuka lile gauni na raha ikanipungua kidogo. Kidogo tu.

Mteremko ni wako. Mjomba analijua, ukoo unalijua, Bibi alisema mbele ya watu kabla hajafa, na binti za Zena hawautaki, wanataka viwanja Kibaha. Aliniharibia siku zangu za kwanza na wewe kwa ajili ya miti ambayo wanawe hawaijui hata majina. Na sasa amelala kwenye chumba kinachotazama miti hiyo, na aliyekubali kwenda ni wewe.

Nitakuambia ukweli wa mwisho kisha nifunge, maana nasikia sauti ya baba yako huko barabarani anajisifia bei. Nilifikiria nikufiche haya mpaka umeshakaa kule, uyasome ukiwa umemshika mkono. Nilifikiria pia nikupe mapema, usiende kabisa, abaki na kuta. Nikapima ipi itamuuma zaidi. Nililala na hesabu hiyo siku kadhaa na ilikuwa tamu. Lakini mimi niliwahi kumlea mtoto kwa uongo wa mtu mwingine, na sitaki wewe umlee mgonjwa kwa ukimya wangu. Kwa hiyo nitakupa leo, ukishakula. Ukisema huendi, godoro tutalitumia hapa na nitapika pilau nyingine. Ukisema unaenda, nenda, na ujue kwamba mama yako atakuwa hapa Kilakala anashona na kufikiria jinsi Zena anavyofungua macho kila asubuhi akakuta ni wewe, na kwamba mawazo hayo yatanifurahisha kwa muda mrefu.

Hicho ni kisasi changu, kinanitosha, usinisaidie kukibeba. Usimnunie. Usimcheleweshee chakula kwa ajili yangu. Usimuulize habari za Lilongwe, labda aanze mwenyewe. Mfanyie kazi yako kama ulivyofundishwa, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Na akikuuliza, kwa huo mdomo wake uliopinda, kama mimi nimemsamehe, usimdanganye ili alale vizuri. Mwambie hapana, mama hajakusamehe. Kisha mgeuze ubavu, umpake mafuta mgongoni, asije akatoka vidonda.

Mimi mama yako,
Tatu